Punguzo Lina Mwenyewe: Safari ya Watu 23 Kwenda Embu na Meru

Kwa wengi wetu tulio Pwani, majina ya Embu na Meru hutufikia juu ya gari la mizigo. Embu ni muguka, Meru ni miraa, basi. Mwezi wa Mei 2024, baadhi ya kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka na ubishi ukafika mahakamani na Ikulu, majina hayo yalitajwa katika kila baraza na kila jiko, na mara nyingi hayakutajwa kwa wema. Ndiyo maana tulipowaambia majirani kwamba likizo ya Agosti tungewapeleka watoto huko, walitutazama kama watu waliopotea njia kabla ya kutoka nyumbani.

Tulikwenda, na tukarudi salama, Alhamdulillahi. Tulikuwa watu 23 wa ukoo mmoja: nyanya yetu, ami na mkewe na mwana wao wa mwisho, shangazi, dada na kaka na wenzi wao, binamu wawili waliotoka Maskati kutuzuru, na kundi la watoto. Tunaandika makala haya kwa sababu familia nyingi huko nyumbani hutamani safari ya namna hii, kisha hukata tamaa pindi mtu anapozidisha nauli na kiingilio mara idadi ya vichwa. Tunataka kueleza jinsi hesabu inavyoweza kuwezekana. Tunataka pia kueleza mahali ambapo sisi wenyewe tuliikosea, kwani kosa letu halikuwa la kujumlisha wala kutoa.

Hesabu ya reli

Tulianza na Madaraka Express kutoka Miritini. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Mombasa na Nairobi imekuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 hapakatwa bila malipo. Katika watu wetu 23, kumi na wanne walikuwa na miaka 12 na zaidi, saba walikuwa watoto wa nusu nauli, na wawili walikuwa wachanga. Nauli ya kwenda ikawa shilingi 21,000 kwa wakubwa na 5,250 kwa watoto, jumla 26,250. Lau watoto saba wale wangelipiwa kamili, tungeongeza 5,250 nyingine.

Hapo ndipo ulipozuka mtihani wa kwanza, nasi hatukuutambua kuwa ni mtihani. Binti mmoja wa shangazi alikuwa ametimiza miaka 12 miezi miwili kabla ya safari. Ni mdogo wa umbo, na mtu asiyemjua angemkadiria miaka kumi. Mmoja wetu akasema kwa mzaha uliokuwa na kweli ndani yake: “Mwandikeni kumi na mmoja, nani atampima?” Nusu nauli kwenda na kurudi ni shilingi 1,500, na fedha hizo hununua maji ya safari nzima. Binti mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amengojea kwa hamu kuingia miaka 12, na hakuwa tayari kurudishwa nyuma na mtu yeyote. “Mimi ni kumi na mbili,” alisema, akaenda kumletea mamake cheti chake cha kuzaliwa. Tulicheka, tukamwandika kwa umri wake. Lakini tulicheka kama watu walioona kichekesho, wala hatukuona kuwa tumekanywa.

Garimoshi lilipokata Tsavo tuliwaona ndovu wakiwa wamesimama katika udongo mwekundu, na watoto wakajazana madirishani. Nyanya alisema hao ni wanyama wa bure, tuwatazame vizuri, kwani wale wa mbele tutawalipia.

Rukhsa ya msafiri

Tulilala Nairobi kwa jamaa, na asubuhi yake tukapanda basi dogo la kukodi kuelekea Embu. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 130. Njia hupita Thika, kisha huteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, ambako mchele wa pishori tunaoupikia pilau ya Idi hulimwa kwa maji ya mifereji. Akina mama walishuka wakanusa magunia, wakanunua zaidi ya walivyokusudia. Tulifika mji wa Embu karibu na wakati wa Adhuhuri. Tulikuwa tumepiga simu mapema kuuliza kama msikitini kuna sehemu ya wanawake na mahali pa kutawadhia. Twazishauri familia zote zifanye hivyo kabla ya kushika njia ya bara, kwani si kila msikiti una nafasi hiyo, na wanawake ndio huachwa wakisubiri garini.

Kuhusu Swala, watoto walikuwa wamefunzwa madrasa kwamba msafiri hupunguza: Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili badala ya nne. Walifurahi kama waliopewa zawadi. Lakini tuliikuta jamaa ikikaribia kusimama, tukasali nyuma ya imamu wa pale, naye ni mkaazi wa mji. Kijana mmoja wetu alitaka kutoa salamu baada ya rakaa ya pili. Baada ya Swala ami alimweleza taratibu, nasi sote tukisikiliza, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi'i msafiri anayemfuata mkaazi hukamilisha nne. Rukhsa, alisema, ni rehema ya Mwenyezi Mungu, lakini ina mwenyewe, ina masharti, na ina mipaka. Safari iwe ndefu. Iwe ya halali. Maghribi haipunguzwi, wala Alfajiri. Mkaazi haichukui rukhsa hiyo kwa sababu tu amesimama ubavuni mwa msafiri.

Hatukujua kwamba maneno hayo yangeturudia kabla jua halijatua.

Kadi ya ami

Ami yetu ni mwanajeshi mstaafu. Alitumikia Jeshi la Wanamaji, lililoanzishwa mwaka 1964, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa katika kambi ya Mtongwe, ng'ambo ya kivuko. Katika mipango ya safari tulikuwa tumegundua kwamba bustani moja ya michezo karibu na Embu, yenye mabwawa ya kuogelea, bembea na mteremko wa maji, huwapa wanajeshi nusu bei. Kiingilio kamili kilikuwa shilingi 500 kwa mkubwa na 300 kwa mtoto, na wachanga hawalipi. Binamu yetu aliyeshika hazina aliandika katika hesabu yake: wote nusu bei, kadi ya ami. Jumla shilingi 4,550. Hakuna aliyeuliza swali. Ami mwenyewe hasomi jumbe za simu, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Tulipofika langoni, karani alikuwa msichana mpole. Aliitazama kadi, akatutazama sisi tuliojaa nyuma ya ami kama msafara wa mahujaji, akauliza: “Mzee, hawa wote ni familia yako?”

Sisi wote tulijua jibu. Ami akajibu: “Ni familia yangu wote, mwanangu. Lakini nieleze, bei hii mmempa nani?”

Msichana akasoma kibao: mwanajeshi aliye kazini au mstaafu, mke au mume wake, na watoto wao wa kuwazaa walio chini ya miaka 18.

“Basi ni mimi, mke wangu na huyu kijana wetu wa miaka 16,” alisema ami. “Hawa ishirini waliobaki ni damu yangu, lakini si wenye kadi. Waandikie bei yao.”

Kuna ukimya ambao familia kubwa huujua, wa watu wengi wanaojizuia kusema kwa wakati mmoja. Binamu mweka hazina alimvuta ami kando. Alisema kwa adabu, lakini uso ulikuwa umeiva. Msichana alikuwa tayari kukubali. Neno la mzee lingetosha. Tofauti ilikuwa shilingi 3,800, na fedha hizo zilikuwa zimekwisha kutengwa kwa chakula cha mchana cha watu wote. Tena, alisema, si uongo: kwetu sisi mtoto wa ndugu ni mtoto. Nani huku Pwani hutofautisha?

Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa na nguvu, na haifai kuipita haraka. Ni kweli kwamba kwetu familia si mume, mke na watoto wawili wa picha ya ukutani. Ami ni baba. Khalati ni mama. Anayeandika masharti ya punguzo mara nyingi hafikirii nyumba yenye vyungu viwili na vizazi vitatu. Hata huko Marekani, ambako bustani kubwa za Disney za Florida na California huwauzia wanajeshi tiketi za bei nafuu, mwenye kustahiki ni mwanajeshi au mwenzi wake, kitambulisho huonyeshwa, na idadi ya tiketi kwa kila mmoja ina kikomo. Familia kubwa za huko nazo hupiga hesabu zile zile: nani ahesabiwe, na shangazi tumweke wapi?

Ami hakubishana na hoja ya ukoo. Alisema: “Mimi sikukana kwamba nyinyi ni wanangu. Nimemwambia hivyo, umenisikia. Lakini huyu binti hakuniuliza nawapenda wangapi. Ameniuliza ni nani aliyepewa bei hii. Na fedha anazozisamehe si zake, ni za tajiri wake. Nikimwambia neno moja la uongo, kosa litaandikwa kwake.”

Akaongeza jambo ambalo sote tulilisoma madrasa. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akaukuta umajimaji uliofichwa chini ya kikavu, na akamtenga mwenye kughushi na kundi lake. Lundo lile halikuwa la thamani kubwa, na huenda tofauti ya bei yake ilikuwa ndogo kuliko shilingi 3,800.

Tulilipa 8,350.

Alilosema mke wa ami

Chakula cha mchana hakikununuliwa. Tulikula chapati za asubuhi zilizopoa, mayai ya kuchemsha, ndizi za barabarani na biskuti. Watoto hawakujali, kwani aliyetoka majini hula chochote. Wakubwa ndio tulionuna, na binamu mweka hazina alikaa peke yake chini ya mti na daftari lake.

Mke wa ami si mwingi wa maneno. Tulipokuwa tumekaa wanawake peke yetu, tukiwatazama watoto, mmoja wetu alisema kwa uchungu kidogo kwamba ami amekuwa mgumu, kwani kadi ni kadi, na hao wenye bustani hawatafilisika. Mke wa ami akaweka chini kikombe chake.

“Mnajua kwa nini jina langu limo katika kibao kile?” aliuliza. “Nilijifungua mara mbili yeye akiwa baharini. Mwana wa kwanza alimwona akiwa na siku arobaini na mbili. Mwaka 2011, majeshi yalipovuka kuingia Somalia, nilikuwa nikilala na redio chini ya mto. Januari 2016, habari za El Adde zilipokuja, jirani yangu wa zamani alikuwa na mwanawe jeshini, tukakaa naye usiku kucha, hana habari kama ni hai ama ni maiti. Nyinyi mlikuwa mkilala, na hamna kosa, ndivyo ilivyotakiwa. Lakini nusu ile ya bei, mimi nimekwisha kuilipa. Na kijana wangu amekwisha kuilipa. Ndiyo maana tumeandikwa.”

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu alisogea akammiminia chai nyingine.

Huko ndiko tulikoielewa safari yetu. Tulikuwa tumeliona punguzo kama mlango ulioachwa wazi, apitaye apite. Kumbe ni malipo, na yana mdai wake. Kila mwaka tarehe 14 Oktoba nchi huwakumbuka wanajeshi wake, na sherehe hizo huonyesha gwaride na maua. Mke wa mwanajeshi hana gwaride. Ana bei nafuu ya mlango wa bustani, na labda ya chumba cha wageni, basi. Sisi ishirini tulipojipanga nyuma yake kuigawana, tulikuwa tukichukua kitu chake mbele ya macho yake, naye kwa adabu yake angekaa kimya.

Ilipofika Alasiri, binamu mweka hazina ndiye aliyetandika misala chini ya mti. Baadaye alimwendea ami akamshika mkono. Hatukusikia walichosema.

Paspoti mbili langoni Murera

Siku iliyofuata tulishika njia ya Meru, kupitia Chuka na Nkubu, mlima ukiwa kushoto kwetu ndani ya mawingu. Ni njia ya kupendeza, lakini ina mabonde makali. Daraja la Nithi lina historia ya msiba: Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliporomoka hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki, wengi wakiwa njiani kuja kwetu. Tuliwasomea Fatiha. Tunawasihi wanaopanga safari hii wapite huko mchana, na wamwambie dereva mapema kwamba hawana haraka.

Tulilala Meru mjini, na kabla ya mapambazuko tukaelekea Maua na kuteremka hadi lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru. Hapo ulitungojea mtihani wa tatu, na safari hii tuliuona ukija kwa mbali.

Katika mbuga za taifa za Kenya kiingilio hutofautiana. Raia ana bei yake kwa shilingi, mtoto ana bei yake, na mgeni asiye raia wala mkaazi hulipa kwa dola, kiasi kinachozidi bei ya raia mara nyingi. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen, wala si taslimu. Kati yetu walikuwamo binamu wawili wenye paspoti za Oman. Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha baadhi yetu tuliozaliwa Mji wa Kale, na nyuso zetu ni moja. Katika basi la watu 23, anayetazama upesi asingewatambua.

Hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa sauti. Lakini tulipokaribia lango, binamu hao wawili walitoa paspoti zao wakazishika mkononi kabla ya mtu yeyote kusema neno. Mkubwa wao alisema: “Tulikuwa Embu pamoja nanyi.” Ikatubidi sisi wenyeji tuone haya kwa sababu nyingine: tulikuwa tumewaficha bei yao tangu mwanzo, tukidhani ni ukarimu, na hivyo hawakupewa nafasi ya kujiandaa. Wao wakataka kulipa zote, sisi tukakataa. Nyanya akaamua tugawane nusu kwa nusu. Mgeni siku mbili, alisema, na hii ilikuwa ya tisa, kwa hiyo jembe lilikuwa limekwisha kupita wakati wake.

Ndani ya mbuga tuliona fedha hizo ziendako. Mbuga ya Meru ilitangazwa mwaka 1966 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 870. Mstari wa Ikweta huikata, na mito inayotoka milimani huipitia kuelekea Tana. Ndiko Joy na George Adamson walikomrudisha porini simba jike Elsa, na kaburi la simba huyo liko huko. Lakini mbuga hiyo iliwahi kukaribia kufa. Katika miaka ya 1980 majangili wenye bunduki waliwaua vifaru wake, na George Adamson mwenyewe aliuawa Kora, ng'ambo ya Tana, Agosti 1989. Vifaru tuliowaona asubuhi hiyo, wakichunga kama ng'ombe wa amani ndani ya eneo lenye uzio, wanatokana na wale walioletwa upya baadaye. Wanalindwa usiku na mchana na askari wa wanyamapori wanaobeba silaha, nao wana wake na watoto wanaongojea nyumbani. Mke wa ami aliwatazama askari wale muda mrefu kuliko alivyowatazama vifaru.

Tuliona pia twiga wenye madoa kama wavu, na punda milia wa Grevy wenye mistari myembamba na masikio ya duara. Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja kwa kukusanya na kupunguza, mahali palipotengwa kwa wageni kushuka garini. Hatukuwa na imamu mkaazi, tulikuwa wasafiri sote. Watoto walitoa salamu baada ya rakaa mbili, wakamtazama ami. Ami akatabasamu: “Hii ni yenu.”

Kwa wanaopanga

Familia inayotaka kufuata njia hii inaweza kujifunza machache kutoka kwetu. Andikeni orodha ya watu wote pamoja na umri wao halisi na uraia wao kabla ya kupiga hesabu yoyote. Bebeni vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwani bila hivyo hata punguzo la haki hupotea. Mwenye kadi ya punguzo, akiwa mwanajeshi, mwanafunzi au mwingine yeyote, aulizwe yeye mwenyewe kwanza, na masharti yasomwe kwa simu kabla ya kuondoka. Kama masharti hayawafai watu wengi, ombeni bei ya kundi waziwazi. Njiani kurudi tuliomba hivyo katika nyumba ya wageni mjini Embu, tukisema ukweli kwamba tu 23 na fedha zetu ni chache, tukapunguziwa vyumba bila kadi ya mtu yeyote. Kuomba si aibu.

Viingilio vya mbuga hubadilishwa mara kwa mara kwa kanuni mpya, kwa hiyo tazameni bei ya siku hiyo katika eCitizen, msitegemee ya jirani aliyekwenda mwaka juzi. Wasiofika Meru wanaweza kwenda Hifadhi ya Mwea, kusini mwa Embu, karibu na mabwawa ya Kamburu na Masinga. Ni ndogo na imezungushiwa uzio, lakini ina ndovu na viboko, na familia yenye wachanga haitachoka. Wanawake wanaotaka kuogelea waulize mapema kama bustani ina bwawa la faragha au saa za wanawake. Sisi hatukuuliza, tukaishia kulowesha miguu.

Na mwekeeni mweka hazina akiba kidogo ya ukweli. Binamu yetu sasa huiita hivyo: fedha za kando za kulipa bei sahihi pale ambapo hesabu ya kwanza ilikuwa na matumaini mno. Mwaka huu akiba hiyo ilikuwa chapati zilizopoa.

Tulirudi Miritini usiku, watoto wamelala mabegani. Orodha ya safari ijayo imekwisha kuanzwa, Inshallah. Ina safu ya jina, safu ya umri, na safu mpya ambayo binamu mweka hazina ameiongeza kwa mkono wake mwenyewe: bei yake. Mbele ya jina la mke wa ami ameandika nusu. Mbele ya jina la binti wa shangazi ameandika kamili, na binti mwenyewe ameweka sahihi kando.